Alama za Naima

Ilula, 8 Juni 2024

Mdogo wangu Anord,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene. Huku hatujambo. Mguu wa baba umepungua kuvimba, juzi ametembea mwenyewe mpaka kigangoni na kurudi, akajisifu mpaka usingizi ukamchukua. Ng'ombe amezaa dume. Baridi imewahi mwaka huu, asubuhi tunashindana kukaa karibu na mafiga.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu tangu nichaguliwe mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, simu yangu imekuwa ya wote. Ikilia anapokea aliye karibu, na wote wanataka kusikia. Barua nampa Dastan, dereva wa lori la kiwanda chenu. Anapita hapa kila baada ya wiki mbili na atakukabidhi mkononi.

Ile habari uliyonipa, kwamba mwaka huu kiwanda kitachukua nyanya mara mbili ya mwaka jana, nimewafikishia akina mama. Tuko ishirini na wawili. Wengi wamefurahi. Ila Eveline, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, aliuliza mbele ya wote: "Hiyo kompyuta ya Mbeya imejuaje watu watataka nini mwezi wa tisa?" Nilijifanya nakohoa.

Nieleze kwa maneno ambayo nitaweza kuwarudishia. Mkutano wetu ni Jumamosi ya tarehe 22. Wasalimie Blessing na mtoto.

Dada yako,
Veneranda


Mbeya, 16 Juni 2024

Dada Vene,

Shikamoo. Milele amina. Sisi wazima, mtoto ameota jino la pili na anamng'ata mama yake bila huruma. Blessing anasema ahsante kwa maharage, tumeyala wiki nzima. Mwambie baba asizidishe mwendo.

Sasa mwambie Eveline hivi. Kiwandani tuna programu ya mipango, ndiyo inayotuambia tununue nyanya kiasi gani, makopo mangapi, tutume mzigo wapi. Ndani ya programu hiyo kuna sehemu ya kukadiria mahitaji, ilikuja nayo tangu inanunuliwa. Inaangalia mauzo yaliyopita, inakupa makadirio ya mbele. Anayeitumia ni mwenzangu Naima, miaka sita sasa. Haina makuu. Mimi nikawaambia wakubwa, hii ya ndani imepitwa na wakati, kuna ya kampuni nyingine inayouzwa peke yake, tunaiunganisha kutoka nje. Inapima mambo mengi kwa pamoja: misimu, sikukuu, shule zinafunguliwa lini, bei za sokoni. Unailisha mauzo yenu, inakutolea makadirio mpaka ya kila duka.

Niliwaonyesha kwa projekta ukutani saa nzima. Meneja wetu, Bwana Adrian, alisimama akanipa mkono mbele ya wote. Dada, ningependa ungeniona.

Makadirio yanasema Septemba na Oktoba oda zitakuwa mara mbili. Naima ana mashaka, lakini nadhani ni mtu kuzoea chombo chake. Pandeni. Nikisema mimi, ni kama kiwanda kimesema.

Nitakuja tarehe 13 Julai kuwaona mkihamisha miche.

Mdogo wako,
Anord


Ilula, 28 Julai 2024

Anord mdogo wangu,

Kamwene. Baba anakusalimu. Yule ndama dume amekufa, hatujui amekula nini. Misa ya mavuno ilikuwa nzuri.

Tarehe 13 tulikungoja. Baba alivaa koti tangu saa tatu asubuhi, akakaa nalo barazani mpaka jua likazama. Nimekupigia mara nne hupokei. Dastan anasema anakuona kazini kila akija, kwa hiyo huumwi.

Miche yote tumehamisha. Mimi ekari mbili, sijawahi. Eveline aling'oa vitunguu vyake kabla havijakomaa apate nafasi ya nyanya. Vilikuwa bado vidogo kama gololi, akavitupia mbuzi.

Je, tumekukosea jambo? Au Blessing ana shida? Niandikie hata mistari miwili.

Veneranda


Mbeya, 19 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Tuko salama, mtoto alikuwa na homa imepita. Nisamehe kwa tarehe 13, kazi zimenibana, hata Jumapili naingia ofisini. Mwombe baba radhi.

Kama kuna mama ambaye hajamaliza kuhamisha miche, ni vizuri asihamishe yote. Abakize nafasi ya kitu kingine. Ni ushauri wa kawaida tu, msiwe na wasiwasi.

Anord


Ilula, 13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii nimeipa basi, si lori, na utajua kwa nini.

Baba yupo. Mguu umerudi kuvimba.

Ile barua yako fupi ilinifikia Agosti mwishoni. Niliwasomea akina mama wakacheka, wakasema mtu wa ofisini hajui kwamba miche huwa inahamishwa Julai. Nikacheka nao. Lakini wewe umekulia kwenye kitalu, Anord. Unajua.

Lori lilikuja mara mbili Septemba. Jumatatu ya tatu tulivuna tangu alfajiri, tukapanga matenga chini ya kibanda, tukangoja. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Tukapiga simu kiwandani, karani akasema oda imepunguzwa, tuuze kwingine. Kwingine wapi? Barabarani kila mwenye ndoo ana nyanya, wasafiri wananunua kidogo kidogo kupitia dirishani, na vijiji vyote vimevuna. Tuliwapa nguruwe mpaka nguruwe wakakataa. Zilizobaki tulimwaga kule chini karibu na kigango, na Jumapili harufu iliingia mpaka ndani ya misa. Padri akasimama katikati ya mahubiri akaomba dirisha lifungwe. Watu waligeuka kuniangalia mimi.

Kwenye mkutano nilikutetea. Nilisema kompyuta ndiyo imekosea na ndugu yangu naye amedanganywa kama sisi. Eveline alijifunga kitenge vizuri akaondoka. Afadhali angenitukana.

Dastan alipita mara ya mwisho kutuaga, maana amehamishiwa njia ya Songwe. Akasema kuna binti wa ofisini kwenu amefukuzwa kazi kwa kosa hilo la makadirio. Namhurumia, lakini nilipiga ishara ya msalaba nikamshukuru Mungu kwamba si wewe.

Niandikie.

Dada yako,
Veneranda


Mbeya, 24 Novemba 2024

Dada Vene,

Shikamoo. Blessing na mtoto wazima. Baba mpeleke hospitali, usingoje.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Kila nikianza kujibu nafika kwenye yale maneno yako, kwamba ulimshukuru Mungu si mimi, nachana karatasi. Leo sichani.

Ni mimi.

Mwaka juzi na mwaka jana, Septemba na Oktoba, kuna shirika lilinunua kwetu nyanya za kopo nyingi sana za kupeleka kambi za wakimbizi. Ulikuwa mradi wa miaka miwili na umekwisha. Kwenye ile programu ya ndani Naima alikuwa ameweka alama kwenye kila oda ya shirika hilo, ili ikikadiria isizihesabu kama mauzo ya kawaida. Mimi nilipochota mauzo kupeleka kwenye chombo cha nje, tarakimu zilikwenda, alama hazikwenda. Chombo kikaona Septemba mbili mfululizo watu wamenunua sana, ya pili maradufu ya ya kwanza. Kikasema ya tatu itakuwa zaidi.

Tarehe 25 Juni, Naima alikuja mezani kwangu na fomu ya kuhakiki takwimu. Akauliza, "Anord, ule mradi wa kambi umeutoa?"

"Umetoka."

"Umetoka wenyewe au umeutoa?"

"Naima, nimeshakwambia umetoka."

Akaniangalia. "Haya, nakuamini," akasaini.

Sikuwa na hakika, dada. Alipoondoka nikafungua nikatazama. Oda za kambi zilikuwamo zote. Ilikuwa saa nane mchana, na kuzitoa ingekuwa kazi ya saa moja. Ila makadirio yalikuwa yameshafika kwa wakubwa, na Bwana Adrian alikuwa ameshaniambia nitakuwa mkuu wa mipango. Ningekwenda kumwambia nini? Kwamba kile chombo nilichokisifia saa nzima nimekilisha vibaya? Nikajiambia labda mauzo yatapanda yenyewe. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Miche yenu ilikuwa bado kitaluni. Ningepiga simu siku ile, hata kesho yake, hata wiki mbili baadaye, Eveline asingeng'oa vitunguu. Ndiyo maana sikuja tarehe 13. Nisingeweza kusimama shambani nikiwatazama.

Septemba makopo yalijaa ghalani mpaka tukapanga nje. Tukaitwa. Bwana Adrian akaweka ile fomu mezani, akauliza nani amehakiki. Naima akasema, "Nilimuuliza Anord kuhusu mradi wa kambi, akaniambia umetoka."

Bwana Adrian akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Ndivyo nilivyosema. Naima hakubishana. Aliniangalia kama mtu anayetaka kuikariri sura, akachukua mkoba wake.

Nimekuwa mkuu wa mipango tangu tarehe moja Oktoba. Wasomee akina mama barua hii.

Anord


Ilula, 8 Desemba 2024

Anord,

Baba amelazwa Iringa siku nne, ametoka. Daktari amempa dawa na kumkataza chumvi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikwenda kuisomea shambani ili watoto wasinione uso.

Sitawasomea mimi. Umeomba kirahisi mno, eti wasomee. Wewe ubaki Mbeya na mimi nikusemee? Nimekulea tangu mama afariki, nimekusemea shuleni, nimekusemea kwa baba, na Oktoba hii nimekusemea uongo bila kujua. Utakuja uwasomee mwenyewe. Na kabla ya hapo utakwenda kwa huyo Naima. Kazi yako iwe ni kwenda, yeye atajua la kukujibu.

Na mimi nina langu. Siku ile ya mkutano wa Juni, Eveline alisema, "Tupande nusu nyanya, nusu vitunguu, tusije tukaumia." Mimi nikamjibu mbele ya wote, "Wewe uliishia darasa la nne, unabishana na kompyuta?" Watu wakacheka. Naye akacheka, lakini aliinama akawa anakwangua udongo kwenye kidole cha mguu. Wiki tatu baadaye ndipo alipong'oa vitunguu. Sikuwa nimeielewa hiyo kompyuta hata kidogo. Nilichotaka ni waone kwamba mimi ni dada wa mtu mkubwa.

Kwa hiyo sikuandikii nikiwa msafi. Lakini wewe ulijua, mimi sikujua. Usivichanganye.

Veneranda


Mbeya, 26 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Poleni na baba. Mtoto anatembea.

Nilikwenda kwa Naima kabla ya Krismasi. Anakaa Soweto, hapa hapa Mbeya, na mama yake, wanashona sare za shule. Alitoka akasimama mlangoni. "Sikukaribishi ndani," akasema, "mama yupo na jina lako analijua."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Anord, mimi nilishaumia. Sasa unataka nikupe na pole? Kaandike ukweli, upeleke kwa Adrian, na nakala uniletee mimi."

Niliandika. Bwana Adrian aliisoma mbele yangu mara mbili, hakupandisha sauti. Akaniambia niache funguo mezani. Naima ameitwa, amerudi tangu Jumatatu ya pili ya mwezi huu, akiwa mkuu wa mipango. Nasikia wanakadiria kwa ile ya ndani tena. Ya nje hawakuitupa, Naima anaiendesha sambamba kulinganisha, ila hakuna oda inayoingia bila maelezo yake. Haikuwa na kosa, dada. Ilikadiria vizuri kabisa kile nilichoilisha. Nimemwambia Blessing yote. Hajaondoka, ila tunaongea mambo ya mtoto tu.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Tarehe 18 nilipanda basi kuja kwenu, na barua mfukoni. Tulipofika Ilula basi likasimama, akina mama wakalikimbilia na ndoo. Nilimwona Eveline anainua ndoo ya nyanya kwenye dirisha la mbele yangu, mikono inamtetemeka kwa uzito. Konda akaita, "Wa Ilula! Wa Ilula mshuke!" Sikuinuka kwenye kiti. Basi likaondoka nami. Nilishukia Ruaha Mbuyuni, nikakaa kwenye jiwe saa mbili, nikapanda jingine la kurudi Mbeya. Tulipopita tena hapo kwenu niliinama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Sina la kujitetea.

Anord


Ilula, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Anord,

Kamwene. Baba anakula vizuri, analalamikia chumvi tu. Mvua zimetosha, mahindi yanapendeza.

Nilikuona. Nilikuwa kibandani na Eveline alikuwa kwenye dirisha la mbele yako. Basi lilipoondoka alirudi na ndoo yake, akaniuliza, "Yule si Anord?" Nikamjibu, "Siye. Anafanana naye tu." Akasema, "Ahaa," akaanza kupanga nyanya upya. Nilijua kwamba anajua. Tukakaa pale mpaka jioni, tukiuza, kila mmoja akiuchunga uongo wangu.

Nilidhani nitakungoja uje. Nikaona nikingoja nitazeeka na jambo hili. Mkutano wa tarehe moja Machi nilisimama nikawasomea barua yako ya Novemba, yote. Halafu nikasema yangu: yale ya darasa la nne, na kwamba aliyekuwa ndani ya basi ulikuwa wewe. Mahali fulani Mama Verediana, mkubwa kuliko wote kikundini, akanipa maji.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Verediana aliomba nirudie pale unaposema miche ilikuwa bado kitaluni. Nikarudia. Kisha nikaacha uenyekiti, hawakunizuia. Wamemchagua Eveline.

Nilipowaambia kwamba Naima amerudi kazini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta namba ya Naima kupitia kwa Dastan. Alimpigia mbele yetu, sauti ikiwa juu wote tusikie. Akamuuliza moja kwa moja kiwanda kitachukua kiasi gani mwaka huu. Naima akataja idadi ya matenga, mwezi kwa mwezi, na zipi ni oda za uhakika na zipi bado ni makisio. Akasema, "Mama, hizi za makisio msizipandie." Eveline akamshukuru, akamuuliza habari za mama yake. Walizungumza hivyo kama watu wanaofahamiana. Tutapanda nusu nyanya, nusu vitunguu.

Tangu tarehe moja mpaka leo tumekutana mara tatu. Nimekuwa nikingoja mtu akutaje, hata kwa kukulaani. Wanasema "mwaka jana", wanasema "lile jambo". Jina lako hakuna anayelitamka. Hata baba nilipomsomea alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuku wamefungiwa.

Sikutungii faraja, sinayo. Nakuambia yalivyo ili usije ukadhani watu wamesahau kwa sababu wako kimya.

Ukija, shuka.

Dada yako,
Veneranda